Shahada ya miaka mitano haisomwi kwa mchango wa mwezi mmoja

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka hupita siku za pongezi, kisha huanza ujumbe wa aina ya pili. "Assalamu alaykum ndugu zangu. Kijana wetu kachaguliwa kusomea udaktari, hali ya nyumbani kwao mnaijua, tumshikeni mkono." Kundi la WhatsApp linafunguliwa, anateuliwa mtu wa kuweka orodha, na majina yanaanza kuteremka: elfu kumi, elfu ishirini, na jamaa aliyeko Muscat mwenye nafuu kidogo anaingiza laki mbili. Pesa ya kuanzia inapatikana. Kijana anateremka bandarini Mkoani na begi lake, anapanda boti, na kundi linanyamaza.

Nasomesha hesabati katika skuli ya sekondari huku Pemba, na vijana wengi wa namna hii wamepita darasani kwangu. Ninamheshimu sana kila aliyewahi kuandika jina lake kwenye orodha zile. Elfu kumi ya mvuvi wa Tumbe si pesa ndogo. Lakini mchango huu hamu yake huisha mwezi ule ule, na masomo tunayoyachangia hayaishi mwezi ule ule. Uhandisi ni miaka minne. Udaktari ni mitano, na baada yake mwaka mzima wa mafunzo hospitalini. Kundi likifunguliwa tena mwaka wa pili wanaoitikia wamepungua. Mwaka wa tatu mwenye kuweka orodha anaona haya hata kuandika salamu, maana kijana mwingine naye kachaguliwa na watu ni wale wale.

Tunawapotezea hapo katikati. Mlangoni wanaingia na vigelegele. Wanatoka kimya kimya katika mwaka wa pili au wa tatu, na ukiuliza unaambiwa "kaahirisha".

Wengi wetu tunadhani kinachowarudisha nyumbani ni ada. Ada angalau ina mahali pa kuulizia. Zanzibar tunayo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu tangu sheria yake ya mwaka 2011, na upande wa Muungano iko bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mikopo hiyo imewasomesha walimu ninaokaa nao chumba kimoja, na sitaki mtu asome makala hii akadhani naidharau. Ninachokisema ni kwamba kuna mambo mengi yanayokaa kati ya kijana na shahada ambayo hayaitwi ada, na hayo hayana mwenyewe.

La kwanza ni wiki za mwanzo. Chuo kinafunguliwa, na majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu. Aliyetoka awamu ya mwanzo hana neno. Ambaye jina lake liko awamu ya nyuma anatakiwa ale kuanzia siku ya kwanza kama wenzake, alipe chumba kama wenzake, apande daladala mara mbili kwa siku kama wenzake. Bumu, ile pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, likija kuingia linakuta deni la duka, deni la mwenye nyumba na deni la rafiki. Mwaka 2022 pesa ya chakula na malazi kwa wanaokopeshwa na bodi ya Muungano ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, jambo jema kabisa. Ila aliyeanza mwaka na madeni, elfu kumi yake ya leo kaishaila mwezi uliopita.

La pili ni nyumbani. Kijana wa miaka ishirini kijijini kwetu ni nguvu kazi: anavua, anachuma karafuu, anaendesha bodaboda, anapeleka kitu jikoni. Akienda chuo nyumba imepoteza mkono mmoja. Nimeona wanafunzi wakigawa bumu lao mafungu mawili, moja la kwao na moja la kumtumia mama, na lile la kwao likabaki la kula mlo mmoja. Mtu anayekula mlo mmoja akafanya mtihani wa hesabati ya juu, ule si mtihani wa hesabati tu.

La tatu ndilo linaloyatenga masomo ya sayansi na mengine. Mwanafunzi wa historia naye ana shida zake, lakini kitabu anaweza kuazima. Wa uhandisi anahitaji laptopu yenye nguvu ya kufungua programu za michoro. Wa udaktari anahitaji koti, stethoskopu, na nauli ya kufika hospitali alfajiri. Wa kemia na wa sayansi ya bahari wana mafunzo kwa vitendo, mara nyingi mbali na chuo, na kule hakuna dakhalia, yaani bweni. Ukikosa kifaa, kazi unaifanya usiku wa manane kwenye mashine ya mwenzako akiwa kalala. Unaifanya, lakini kwa haraka, na alama zinaonyesha.

Naomba nikae kidogo kwa mwanafunzi mmoja, maana kwake yeye mambo yote haya yamekutana.

Ni msichana wa wilaya ya Micheweni. Skuli yao ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa fizikia, na notisi alizosomea zilikuwa za binamu yake anayesoma mjini Unguja, akizipiga picha kwa simu na kumtumia kurasa kwa kurasa. Mama yake analima mwani pwani ya Kiuyu. Wasiokujua kwetu wanauona mwani kwenye sabuni za watalii wakadhani ni biashara nyepesi. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kikafika Pemba, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kuna aina mbili kubwa. Cottonii ina bei nzuri, lakini maji mafupi ya pwani yakipata joto hushikwa na maradhi, hugeuka nyeupe na kukatika. Spinosum inastahamili, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo bahari ilivyozidi kupata joto akina mama wameachiwa aina isiyolipa, kazi ni ile ile ya kuinama majini tangu maji yanapotoka hadi yanapojaa, na gunia ni lile lile la kubeba kichwani.

Sasa tazama: shida ya mama yule ni shida ya sayansi. Ni joto la maji, ni kina, ni bakteria, ni kemia ya kile kinachotolewa ndani ya mwani na kwa nini mnunuzi anakilipa zaidi katika aina moja kuliko nyingine. Dk. Flower Msuya, mtafiti wetu aliyefanya kazi kubwa katika jambo hili, amefanyia majaribio nyavu za mirija ili mwani upandwe kwenye maji ya kina kirefu yasiyopata joto haraka. Kazi ya namna hiyo inataka watu wengi, na hakuna atakayeielewa kwa haraka kama msichana aliyekwenda na mama yake kufunga tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, tangu yuko darasa la tatu. Alipoingia chuo Unguja alilijua swali lake kabla ya kujua jina la somo lake. Mwaka wa pili mwani ukafa, mama akakosa kitu cha kumtumia, na binti akaandika kwamba anapumzika mwaka mmoja.

Hakuwa amefeli hata somo moja. Umasikini uliomrudisha ulitokana na jambo lile lile alilokwenda kulisomea.

Walimu wachache tulichangishana akarudi, na sasa anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Lakini ilikuwa bahati: alikuwa na namba yangu ya simu, na mshahara ulikuwa umeingia. Mfumo wa kusomesha wanasayansi wa visiwa hivi hauwezi kutegemea kwamba mwalimu fulani kapata mshahara wiki hiyo.

Basi tufanye nini? Wazo ninalolipigania si geni hapa. Babu zetu walikuwa nalo kabla hatujaijua benki. Ni wakfu.

Ukipita mitaa ya Mji Mkongwe utaoneshwa nyumba na maduka ambayo kodi yake ni ya msikiti fulani au madrasa fulani, kwa sababu mtu aliyekufa zamani sana aliiweka nyumba yake wakfu. Jambo hili liliwekewa tume maalumu tangu 1905, na leo tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Asili yenyewe inarudi kwa Sayyidna Umar. Alipata ardhi Khaybar aliyoipenda kuliko mali yake yote, akamuuliza Mtume (SAW) aifanye nini, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Mti unabaki, kinacholiwa ni tunda. Al-Azhar ya Misri iliishi karne nyingi kwa mali ya wakfu, na wanafunzi waliotoka mbali walipata mkate wao wa kila siku kutoka humo. Sikilizeni hapo: mkate. Wale watu walijua kwamba mwanafunzi ana tumbo.

Huo ndio ufadhili wenye umri wa kutosha. Mchango unamtegemea mtu awe hai, awe na kazi, awe na hamu. Kodi ya fremu ya duka Wete inaingia mwezi huu, inaingia mwezi ujao, na mwaka wa nne wa mwanafunzi wa uhandisi haioni haya wala haichoki kuombwa.

Nilikuwa nikilizungumza hili kwa muda, watu wakiitikia kwa kichwa, mpaka bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu aliponiita barazani kwake. Ana nyumba yenye fremu mbili mbele.

"Mwalimu, nasikia unataka wakfu kwa watoto wa chuo."

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Mie nilikuwa nia yangu fremu moja niiweke ya msikiti. Mwanangu, mtoto anosoma hesabu na umeme, huyo thawabu zake zanifika kaburini?"

Nikamkumbusha hadithi anayoijua yeye kabla sijazaliwa: mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Nikamwambia fremu hiyo ikimsomesha daktari atakayemzalisha mjukuu wake, mbili za mwanzo zimo ndani yake, na ya tatu huenda akaipata kwa watoto wa wengine.

Alinyamaza, akatengeneza kanga yake. "Msikiti una watu wake, kweli. Basi mtafute mwanasheria tuandike, nisije nikafa maneno yakabaki barazani."

Kuandika kwenyewe kuna mambo yake, na wanaotaka kufuata njia hii wayajue mapema. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na raia ana haki ya kuitumia. Mwenye eka tatu za mgao wa baada ya Mapinduzi asidhani anaweza kuiweka ardhi ile wakfu kama alivyofanya babu wa babu yake. Lakini nyumba uliyoijenga ni yako, na miti uliyoipanda, kwa desturi yetu, ina hesabu yake mbali na ardhi. Kwa hiyo nendeni kwa Kamisheni na kwa mwanasheria kabla ya kwenda kwenye kundi la WhatsApp. Na sharti liandikwe kwa uwazi kabisa, kwa sababu wanazuoni wetu wanasema sharti la mwenye kuweka wakfu lina uzito kama wa nassi, yaani maandiko ya dini yenyewe. Ukiandika "kwa ajili ya elimu" tu, miaka thelathini ijayo wasimamizi wanaweza kununulia viti. Andika: kwa ajili ya kuwakimu wanafunzi wa Pemba wa shahada za sayansi na hesabati ambao wazee wao hawana uwezo.

Huku kwetu kila mtu anafikiria mikarafuu kwanza, na mimi naipenda mikarafuu. Nusu ya wasomi wa Pemba wamesomeshwa na kikapu cha karafuu. Lakini mkarafuu ni mti wa kupumzika: mwaka mmoja unazaa mpaka wachumaji hawatoshi, miaka miwili inayofuata unatoa majani. Mti mchanga nao unakaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa cha maana. Mnunuzi kisheria ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa hiyo bei si yako kuipanga. Na historia ina onyo lake. Mwaka 1872 kimbunga kiliivunja mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba ikanusurika. Ndivyo tulivyokuwa sisi kisiwa cha karafuu. Mwenye mashamba Unguja peke yake siku ile alilala tajiri akaamka hana. Kwa hivyo fremu na nyumba zibebe mwezi kwa mwezi, na mikarafuu iwe ya akiba: mwaka mkubwa ukija, pesa yake isiliwe yote, iwekwe kwa miaka ya majani.

Pesa peke yake haitoshi, na hili nimelisoma katika mfano wa mbali. Kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, Robert na Jane Meyerhoff walitoa fedha mwaka 1988 na pamoja na Dk. Freeman Hrabowski wakaanzisha mpango wa kuwasomesha vijana weusi wa sayansi, ambao vyuoni walikuwa wakianza wengi na kumaliza wachache. Kundi la kwanza liliingia 1989. Walichofanya si kulipa ada na kuondoka. Wanafunzi waliitwa mapema, kiangazi, kabla chuo hakijafunguliwa, wakakaa pamoja, wakasoma hesabati pamoja, wakafundishwa kwamba kuomba msaada si aibu na kwamba mwenzako akianguka ni shauri lako pia. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliokuwa mbele katika utafiti uliozaa chanjo ya Moderna ya Uviko-19, ametoka katika mpango huo.

Sisi wa Pemba tunalielewa hilo vizuri. Madrasa zetu zinasomesha hivyo hivyo, mkubwa akimshikia mdogo ubao. Kati ya kutoka matokeo na kufunguliwa vyuo kuna wiki nyingi ambazo vijana wetu wanakaa tu. Wiki hizo zinatosha kuwakusanya Wete au Chake, walimu wa hesabati na fizikia tukajitolea, waliotangulia chuo wakaja kuwaeleza maabara ya chuo ikoje, mhadhara wa watu mia tatu ukoje, na ufanye nini ukitoka skuli yenye mwalimu mmoja wa sayansi ukamkuta jirani yako katoka skuli yenye sita. Gharama yake ni wali na chai.

Limebaki la nani asaidiwe, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Naona wakfu usiwafuate vinara. Vinara wana wafadhili. Serikali ya Muungano ilianzisha Samia Skolashipu katika mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na kila taasisi inayotoa ufadhili huanza kuangalia juu ya orodha. Mimi namtafuta aliyepata daraja la pili katika skuli isiyo na mwalimu wa fizikia. Alama zake ziko chini ya za mwenziwe wa mjini, lakini njia aliyopita kuzipata ni ndefu zaidi, na mwalimu yeyote mkweli atakuambia kichwa kipi kati ya viwili hivyo bado kina nafasi ya kukua. Ukisoma cheti bila kuisoma skuli kilikotoka, umesoma nusu.

Wapo wanaotaka aliyesomeshwa afungwe kwa mkataba arudi Pemba. Nakataa. Daktari aliyerudi kwa kulazimishwa anahesabu siku. Ila nakubali kwamba wanaochagua ualimu wa sayansi watangulizwe kwenye foleni, kwa sababu mwalimu mmoja wa fizikia akienda Micheweni, baada ya miaka mitano hatuna haja ya kuuliza kwa nini watoto wa kule hawafiki chuo.

Rasimu yetu sasa iko kwa mwanasheria. Fremu ya bi mkubwa ndiyo ya kwanza, na ndugu wawili walioko nje wamesema watajenga nyingine mbili pembeni yake badala ya kutuma elfu ishirini ishirini kila Oktoba. Kodi haitalipa ada ya mtu. Itabeba wiki zile za mwanzo kabla ya bumu, nauli ya boti, laptopu itakayokopeshwa na kurudishwa mtu akihitimu, na fungu dogo la kujikimu kila mwezi, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kijana kuandika ujumbe wa kuomba. Sharti moja bado linatugonganisha: nani awe msimamizi baada yetu. Wengine wanataka iwe familia ya aliyeweka wakfu, wengine imamu na sheha. Kikao kijacho nitapendekeza kila mwanafunzi akihitimu aingie kwenye baraza la wasimamizi, na wa kwanza awe yule binti wa Kiuyu, akishamaliza.